Fundi wa Bariadi aliyepanda madigadi kuyafuata maji

Landrova imekwisha kuipita nyumba ya mwisho ya mji wa Bariadi, na haina bonneti. Bonneti imefungwa kwa kamba huko nyuma, juu ya magunia matupu. Kwenye madigadi ya kushoto ameketi mwanamume mwenye ovaroli iliyopauka. Mguu mmoja umekanyaga bampa, na mkono mmoja umeng'ang'ania fremu ya kioo. Haangalii barabara wala watu. Anaangalia injini.

"Fundi, gari lako limeuza kofia?" anamkebehi mwendesha baiskeli mmoja aliyebeba mkungu wa ndizi.

"Halijauza, limevua. Linaingia kanisani!" anajibu bila kuinua kichwa.

Huyo ni Joakim Limbu, fundi magari, mzaliwa wa Ipililo wilayani Maswa. Amepanda madigadi kwa sababu anawinda maji. Landrova hii hujazwa rejeta mpaka juu, hutoka Bariadi ikiwa nzima, na siku nyingine hurudi hivyo hivyo, haikupungua hata kikombe. Siku nyingine hata nusu ya safari haifiki. Inachemsha, inatoa moshi mweupe, na ukifungua rejeta unakuta kumekauka kama kinywa cha mgonjwa. Wala chini hakuna tone.

"Gari likivuja kila siku, hilo ni jepesi, unaona tu," anasema Joakim. "Gari lisilovuja kabisa halina maneno. Hili linalovuja likijisikia, ndilo la kumtoa mtu wazimu."

Ndani ya gari wapo wawili. Dereva ni Masunga, kijana mrefu wa Bukundi, anayependa kuimba akiwa kwenye usukani, ingawa leo haimbi. Pembeni yake ameketi mama Generoza, mwenye gari, akiwa ameipakata mizani ya kupimia pamba kama mtoto.

Mama huyu alikuwa akiuza vitambaa sokoni. Serikali ilipofungua soko la pamba na kuwaruhusu watu binafsi kununua kando ya ushirika, akauza cherehani zake na ng'ombe wa mahari ya binti yake, akanunua landrova iliyouzwa kwa mnada. Sasa ana magari matatu, lakini hili ndilo linalofika kule ambako mengine hayafiki.

"Zamani mkulima alikuwa anausubiri ushirika," anasema mama Generoza. "Siku hizi mkulima anamsubiri wa kwanza kufika. Nikichemsha njiani, mwenzangu anapita ananipungia mkono, na pamba yangu anakwenda kuinunua yeye. Pamba haina uchumba."

Kwa hiyo juzi alimwita Joakim akamwambia bila kuzunguka. Leo ni siku kubwa ya kununua Bukundi. Gari litakwenda, na fundi atakwenda nalo. Jioni atamwambia maji yanakwenda wapi, na kwa nini siku nyingine hayaendi. Asipoweza, landrova inapelekwa Mwanza kwa mafundi wengine, na yale magari mawili yanaifuata.

Kwa Joakim, magari hayo matatu ndiyo Bariadi yenyewe. Bila hayo zinabaki pikipiki za walimu na mashine za kusaga. Msimu wa pamba, siku ikiwa njema, hupeleka nyumbani kama shilingi elfu tatu. Mvua zikianza na pamba ikiwa imekwisha, wiki nzima inaweza kupita asione hata ya chumvi.

Hapo ndipo miguu yake inapoanza kuwasha.

Joakim ni mtu wa kuondoka. Shule aliisoma vipande vipande: darasa la kwanza Ipililo, la tatu kwa mjomba, la tano akaliacha katikati akafuata lori la pamba. Ufundi aliupatia kwenye karakana ya ushirika, akishika taa wakati wakubwa wakifunga boliti. Karakana ilipopunguza watu, jina lake likawa miongoni mwa ya kwanza. Akaenda Mwadui, akatoka. Akaenda machimbo ya Geita, akatoka. Akafungua banda Shinyanga mjini, akalifunga kabla rangi ya kibao haijakauka vizuri.

"Mimi nikikaa mahali naanza kusikia barabara," anasema. "Gari linapita, moyo unatoka nje kulitazama linaelekea wapi."

Begi lake la turubali lipo nyumbani, kwenye msumari nyuma ya mlango. Halijawahi kupelekwa darini. Mkewe, Elizabeth, anayeshona sare za shule kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga, amehama nalo kutoka mji hadi mji.

Asubuhi ya leo, alipokuwa akimfungia viazi vya kula njiani, alimwambia mumewe jambo ambalo hakuwahi kumwambia.

"Baba Goodness, mimi sihami tena. Mtoto yuko darasa la saba, na mimi watu wameshanijua mkono wangu. Ukilishusha begi lile safari hii, ushuke nalo mwenyewe."

Joakim alitoka akaifungua bonneti ya gari la watu, akaitoa kabisa.

*

Kufika Mwamapalala hakujavuja kitu. Wanawake walio njiani na ndoo kichwani wanasimama kumtazama mtu aliyepanda pua ya gari.

"Mwangaluka, bhabha!" wanamwamkia kwa Kisukuma. "Umefukuzwa ndani?"

"Mwangaluka, mayu. Ndani kuna tajiri!"

Wanacheka, naye anacheka, lakini macho yanarudi kwenye injini. Feni inazunguka. Hozi za mpira ziko kavu. Pampu ya maji iko kavu. Rejeta, aliyoichomelea kwa mkono wake mwenyewe, nayo iko kavu. Mwanzoni kabisa alifungua silinda hedi na kubadili gasketi. Oili aliitazama akakuta haijawa nyeupe kama maziwa, kwa hiyo maji hayaingii humo. Usiku alitandika maboksi chini ya gari, na asubuhi yalikuwa makavu kama alivyoyatandika.

Kila alipoliangalia, gari lilikuwa zima. Lilimngoja ageuke.

Wanasimama kidogo kupisha ng'ombe. Mlolongo wao hauna mwisho, na vumbi linaingia kila mahali. Masunga anatoa kichwa dirishani.

"Fundi, shuka bwana, uingie ndani upumzike. Leo halichemshi."

"Umejuaje?"

"Najua tu. Leo halichemshi."

Joakim anageuka kumtazama. Kijana anarudisha kichwa ndani haraka, kama kobe.

Neno hilo linamkaa fundi rohoni. Gari linaendelea, mashamba ya pamba iliyokwisha kuchumwa yanapita huku na huku, mabua yamesimama makavu, na yeye anakumbuka mambo. Anakumbuka kwamba siku hizi maji ya rejeta hutiwa na Masunga, si mtu mwingine. Utingo akisogea na kopo, Masunga humnyang'anya. Anakumbuka pia kwamba siku ambazo gari halikuchemsha zilikuwa siku kubwa, siku za mnada au za kununua pamba nyingi. Lilikuwa likichemsha siku ndogo, likiwa halina hata haraka.

"Gari halijui siku ya mnada," anasema Joakim akikumbuka alivyowaza pale juu. "Anayejua siku ya mnada ni mtu."

*

Kwenye mto mmoja mkavu, ambako wanawake huchimba mchanga kupata maji, Joakim anapiga madigadi kwa kiganja. Masunga anasimamisha gari. Mama Generoza anashuka kunyoosha miguu, anawaendea wanawake wa kisimani kuwauliza habari za mavuno, maana hakuna gazeti linalojua bei ya pamba kama wanawake wa kisimani.

Joakim anangoja injini ipoe kidogo. Halafu anainama chini ya rejeta na kushika bomba dogo la kumwagia maji.

"Fundi, unafanya nini?" Masunga ameshafika pembeni yake.

"Namwaga. Nataka kuweka maji masafi."

"Yale ni masafi! Nimeyaweka mwenyewe asubuhi!"

"Ndiyo maana namwaga."

Anafungua. Hayatoki maji. Unatoka uji wa kijivu, mzito, una mabonge, unashuka polepole juu ya mchanga. Joakim anachota kidogo kwa kidole, ananusa. Ni unga wa mtama, na ndani ya unga kuna kitu kingine, majani na mizizi iliyosagwa. Harufu hiyo anaijua toka kwa bibi yake kule Ipililo, ambaye watu walimfuata kabla ya kwenda minadani na mifugo yao.

Masunga ameketi kwenye mchanga, amevishika viatu vyake vya katambuga kana kwamba vitamkimbia.

"Hii ni samba," anasema Joakim taratibu. Samba ni dawa ya mvuto. Mfanyabiashara huitumia ili wateja wamwone yeye na wasiwaone wengine.

"Bhabha, usimwambie mama."

"Nani alikwambia uiweke kwenye rejeta?"

"Mama mmoja kwetu Bukundi. Alisema chombo cha biashara hulishwa tumboni. Nami nikamuuliza utingo, tumbo la gari ni lipi? Tanki la mafuta? Akasema huko injini itakataa. Tukaona panapokunywa maji ndipo tumboni."

Joakim anamtazama. Anataka kukasirika, lakini anashindwa.

"Tangu lini?"

"Tangu tulipoanza kukuta wenzetu wameshanunua. Halafu, fundi, nisikilize." Masunga anasimama, sasa anajitetea. "Siku nikiiweka, watu wanakuja kwetu na gari halichemshi. Ikiniishia, watu hawaji na gari linachemsha. Wewe ungefikiri nini?"

"Ningefikiri kama wewe," anasema Joakim.

Na hilo alilisema kweli. Unga ukiingia kwenye maji ya moto unapikika. Ukipikika unashika. Mahali maji yanapopenyea, ugali unafika na kuziba. Siku chache baadaye joto na mtikisiko vinaung'oa, tundu linafunguka, maji yanaondoka. Tangu dawa ianze, kila gari hili lilipoletwa kwake, lilikuwa limeshiba.

"Nilikuwa natafuta ugonjwa, mwenzangu ananiletea mgonjwa ameshakunywa dawa," anasema fundi. "Ila dawa yenyewe ilikuwa inaelekea kumuua. Ule uji ungejaa kwenye vimirija vya rejeta, tungeipika injini nzima."

*

Sasa tundu liko wapi? Hapo hajui bado, na jua linapanda.

Wanasuuza rejeta na bloku kwa maji ya kisimani, ndoo kwa ndoo, mpaka yanatoka maangavu. Wanajaza. Mama Generoza anarudi na kuuliza mbona mchanga umejaa uji.

"Nitakwambia, mama. Tupande kwanza."

"Utaniambia sasa hivi au jioni?"

"Jioni ndiyo tuliyopatana."

Mama Generoza anamtazama fundi, anamtazama dereva, anapanda.

Ng'ambo ya mto kuna kilima cha mawe. Masunga anaingiza gia ndogo, injini inalia, na Joakim amelala kifudifudi kutoka madigadi ya kushoto, kichwa chake kiko karibu kuigusa injini. Joto linamchoma shavu. Katikati ya kilima, upande wa dereva, nyuma ya bomba la ekzosi, anasikia kitu kabla ya kukiona.

Ssss. Kimya. Ssss.

"Usizime! Kanyaga hivyo hivyo!"

Uzi wa mvuke, mwembamba kama wa buibui, unapanda na kupotea. Tone linadondokea juu ya bomba la moto, linalia, halipo. Halifiki chini. Halijawahi kufika chini. Njia nzima maji yalikuwa yanafia hapo, na kilichobaki ni mstari mweupe mdogo, kama jasho lililokauka shingoni mwa mkulima.

Juu ya kilima wanazima. Joakim anaomba kioo. Mama Generoza anatoa kioo chake kidogo cha kujitazamia, kile cha pochini. Fundi anakiingiza kwa vidole nyuma ya bomba, anakigeuza kulifuata jua, na anaona. Ubavuni mwa injini kuna vizibo vya bati, duara kama sarafu, vinavyoziba matundu ya bloku. Kimoja, kile kilichojificha kabisa, kimeliwa na kutu. Katikati pana tundu la ncha ya sindano. Injini ikiunguruma tu uwanjani, halitoi kitu. Ikibebeshwa mzigo na kupandishwa kilima, maji yanasukumwa na tundu linatema.

"Nilikaa pale kimya," anasema. "Nilitaka kupiga kelele, lakini niliogopa, nikadhani nikipiga kelele litajificha tena."

Huko porini hakuna kizibo kipya. Joakim anachagua skrubu fupi kwenye kopo lake. Anakata duara dogo la mpira wa ndani wa baiskeli, analivisha skrubu. Injini ikipoa, anaingiza mkono nyuma ya bomba, kwa kupapasa, na kuizungusha skrubu taratibu ikamate bati isilipasue. Anachunika vifundo vya vidole vyote. Masunga anamshikia kioo, huku akimchungulia mama Generoza.

"Shika vizuri bwana, unanionyesha mawingu."

"Samahani, bhabha."

Mama Generoza amesimama nyuma yao, mikono kiunoni. Hakungoja jioni.

"Haya. Nimeona maji yanakokwenda. Bado neno la pili. Kwa nini siku nyingine hayaendi?"

Joakim anafuta mikono kwenye ovaroli. Hapo, anasema, ndipo alipouona msumari wa nyumbani na begi lake. Akisema hajui, patano limevunjika. Akisema anajua, kijana wa watu anarudi kwao kwa miguu, maana mama Generoza ni kiongozi wa akina mama kanisani, na mambo ya waganga hayataki hata kuyasikia.

"Kuna unga uliingia kwenye rejeta, mama. Uliziba."

"Unga wa nani?"

Joakim anafunga kopo lake la skrubu.

"Wa kwangu," anasema Masunga. Anasema yote: mama wa Bukundi, mnada, tumbo la gari. Anasema akitazama katambuga zake.

Mama Generoza anasikiliza mpaka mwisho. Halafu anakaa kwenye bampa, anaifunga kanga vizuri, anaifungua, anaifunga tena.

"Masunga."

"Naam, mayu."

"Kile kichupa ulichokiona siku ile chini ya kiti changu, ulidhani ni nini?"

"Nilidhani manukato."

"Ni maji ya baraka. Kila Jumapili ya kwanza, baada ya misa, nayamimina kwenye rejeta. Padre hajui." Anapumua. "Nami niliona panapokunywa maji ndipo tumboni."

Joakim ndiye wa kwanza kucheka. Anacheka mpaka anashika madigadi. "Basi wamekutana humo ndani! Baraka imekuta ugali!"

"Nyamaza, fundi," anasema mama Generoza, naye anacheka kwa kujiiba. Kisha anakunja uso. "Kuanzia leo gari hili linakunywa maji matupu. Wewe dawa yako ifunge kwenye kitambaa uivae mwenyewe, huko sikuoni. Mimi ya kwangu nitayanyunyiza milangoni. Na fundi asipokuwepo, rejeta haifunguliwi na mtu."

Hapo ndipo Joakim alipoona mwanya wake. Akasema asichopanga kusema.

"Basi niwepo, mama. Nisikae bandani kuyangoja. Niwe natembea na magari yako, kila msafara wa pamba, ugonjwa niukute uko barabarani bado."

"Kwenye madigadi?"

"Hata ndani, ukinipa nafasi."

Bukundi walifika wamechelewa. Mnunuzi mwingine alikuwa ameshaanza kupima, akawapungia mkono. Lakini mizani yake ilikuwa na maneno, watu walikuwa wakinung'unika, na walipoiona landrova isiyo na bonneti wakaja kuishangaa. Waliokuja kushangaa wakabaki, wakawauzia pamba zao. Masunga alitazama juu, kisha akamtazama fundi, na wote wawili wakaanza kupakia.

Walirudi na mzigo mpaka kwenye keria ya juu. Gari halikuchemsha.

*

Msimu umekwisha sasa. Kizibo kipya kilitoka Mwanza na kuwekwa, na vile vingine vikabadilishwa pamoja nacho. Landrova haijapungua maji tena. Sasa inavuja oili kidogo, kila siku, mahali panapoonekana.

Masunga bado ni dereva wa mama Generoza. Ana kifundo cha kitambaa mkononi na ameanza tena kuimba. Mama wa Bukundi aliyempa samba amehamia kwa mwanawe Mwanhuzi.

Mama Generoza aliliuza moja ya yale magari mengine mawili, akanunua mizani ya pili. Kichupa alikirudisha sakristia.

Goodness alifanya mtihani wa darasa la saba hapo Bariadi na anangoja majibu. Elizabeth ameongeza cherehani moja.

Joakim Limbu hulala nyumbani kama nusu ya siku za wiki. Siku nyingine yuko Bukundi, Mwamapalala, au kando ya barabara, chini ya gari. Anasema msimu ujao anataka trela dogo la vifaa la kukokotwa nyuma ya landrova, na tayari ameshapata ekseli yake.

Begi la turubali amelishusha. Limejaa spana sasa, nalo hukaa ndani ya gari. Msumari umebaki nyuma ya mlango, na Elizabeth anatundikia ovaroli juu yake, siku ambazo ovaroli ipo.